Nyeusi Saba

Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
mchanganya rangi katika studio ya katuni kule Burbank,
na jua la Kalifonia halikuwa na haya:
liliingia madirishani likajimwaga juu ya meza zetu
kama mgeni asiyebisha hodi.
Ndipo akaja Wendelin Kroll na sanduku lake la mbao,
koti la sufu mwezi wa Julai,
akaniambia kwa Kiingereza chenye kokoto:
"Binti Araksi, nataka nyeusi saba."

Nikacheka. Nyeusi ni nyeusi.
Hakucheka. Akahesabu kwa vidole:
ya tanuri lililozimika,
ya maji ya kinuni kabla hayajaganda,
ya ndani ya mfuko wa koti la marehemu,
ya mgodi (hiyo ina unyevu, akasema, iguse),
ya misonobari saa kumi alasiri, Desemba,
ya kunguru.
Ya saba hakuitaja. Aliomba kopo tupu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya watoto.
Sungura mwenye kizibao, jibini, harusi mwishoni.
Bwana Tuttle wa ghorofani alitaka msitu mchangamfu,
miti yenye tabasamu.
Kroll akampa msitu wa Harz:
mizizi yenye magoti, vigogo vilivyokunja ngumi,
na nyuma, nyuma kabisa, ambako jicho halikutumwa,
mwanamke ameketi juu ya barafu
akipanga viatu vya watoto, jozi kwa jozi,
na jozi moja haijatimia.

"Nani huyu?"
Akaosha brashi muda mrefu.
"Mama alitusimulia habari zake tukimenya turnipu,
baridi ile ya vita, turnipu asubuhi, turnipu usiku.
Hakutuambia tulale unono.
Alituambia: barafu ya Machi ni mwongo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, haya.
Lakini Anselm, mdogo wake, alisikia.
Alisikia yote, akayajua kwa moyo,
akaweza hata kuiga sauti ya yule mwanamke,
na bado akaenda.

Mimi bibi yangu hakunisimulia kitu.
Alitoka Kharput kwa miguu, akafika Fresno,
akawa anafunga milango, mara mbili mbili,
usiku anaamka kuigusa tena.
Nilikua naogopa milango
bila kujua nani yuko upande wa pili.
Heri ningepewa mwanamke wa barafu.
Yeye angalau ana kazi ya mikono.

Jumamosi moja wakaijaribu filamu Pasadena.
Mtoto mmoja akapiga ukelele,
mwingine akalowesha kiti cha mahameli,
mama mmoja mwenye kofia akaandika barua ya kurasa nne
kuhusu Wajerumani na wanavyolea.
Bwana Tuttle akaamuru: kata.
Hawakukata. Msituni ndimo sungura alimopata pete,
na fedha za kuchora msitu mwingine zilikwisha.
Basi msiseme sanaa ilishinda.
Alishinda mhasibu.

Kroll sikumwona tena baada ya Krismasi.
Aliniachia deni la dola mbili na lile kopo,
safi, halijaguswa na rangi,
nami nikalitumia kuwekea vifungo.

Juzi kitukuu changu Nazeli aliikuta filamu ile,
akaitazama sebuleni, blanketi hadi puani.
Sungura hakumshughulisha.
"Kiatu kingine kiko wapi?"
Miaka sabini, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikanyoosha mkono niizime televisheni,
bibi yangu mzima ndani ya mkono huo.
Nikaurudisha.
"Sijui," nikasema. "Hata aliyemchora hakujua."

Akasogea, akauweka mguu wake juu ya wangu,
mguu wenye soksi moja.
"Basi zima taa," akasema,
"nione vizuri."